Shavu la Kwanza

Sengerema, 3 Machi 2025

Mume wangu mdogo Nkwabi,

Hela uliyotuma imefika, nimeshukuru, imekwisha. Nimenunua bati tatu na dawa ya mgongo. Usitume nyingine kabla hujanijibu ninachokuuliza hapa.

Mboni, huyu muuza dagaa anayetubebea barua, ameniambia umeacha kuchonga shafti za mitumbwi na vipuri vya mashine za kusaga, kwamba siku hizi unachonga vitu vya bunduki. Nikamwambia kelele za soko la Mkolani zimemziba masikio. Akaapa kwa mama yake. Mama yake namjua, si mtu wa kuapiwa, lakini nimeshindwa kulala vizuri.

Simu unajua siiwezi. Sikio la kulia limekufa na la kushoto linasikia nyuki. Ukipiga lazima mtu aweke sauti kubwa, mtaa mzima ujue umekula nini. Kwa hiyo niandikie. Shule sikukanyaga hata siku moja, herufi hizi nilipewa na kisomo cha watu wazima nikiwa na baba yako mgongoni, ananikojolea. Usicheke mwandiko.

Nieleze hiyo kazi ni nini, nani anaitaka, na kwa nini inalipa hivyo. Babu yako Luhende alikuwa mhunzi na mimi ndiye niliyemvutia mivukuto miaka kumi na sita, mpaka mabega haya yakawa ya mwanamume. Nieleze kama unavyomweleza mtu wa chuma. Usinieleze kama kikongwe.

Mwambie mke mwenzangu Precious asinyanyue ndoo na tumbo hilo. Mikono unayo, nyanyua wewe. Michembe ya viazi iko kwenye mfuko wa bluu, karanga chini yake. Mboni asikudanganye kwamba karanga hazikuwepo.

Bibi yako,
Kija


Mkolani, 9 Machi 2025

Bibi, shikamoo.

Barua imefika na michembe imefika. Karanga zilikuwepo, nusu. Mboni anasema njaa ya kivukoni haina adabu.

Mboni hakukosea. Ila ameisema vibaya. Sitengenezi bunduki, Bibi. Natengeneza komeo la bunduki, kile chuma kinene kinachoingia nyuma ya risasi na kuifunga, ili moto wote utoke mbele na usimrudie mpigaji usoni. Na kazi yenyewe ni halali. Anayenipa ni Abeid, fundi wa bunduki mwenye kibali, ana karakana mjini. Kila bunduki inaingia kwake na karatasi zake na inatoka na karatasi zake.

Wateja ni kampuni za uwindaji na walinzi wa kambi zao. Wana bunduki kubwa za nyati, za tangu zamani, na viwanda vilivyozitengeneza vingine havipo tena. Mtutu wa bunduki mzima, kitako kizima, komeo limechakaa. Dukani halipatikani, na kuagiza nje ni mwaka mzima na makaratasi mpaka kiunoni. Kwa hiyo wanataka la kuchongwa, zito kuliko la mwanzo, lililopimwa kwa aina ile ile moja ya bunduki. Haliingiliani na aina nyingine. Hapa Kanda ya Ziwa wanaoweza sijui kama tunafika watatu.

Umeuliza kwa nini linalipa. Komeo moja mteja analipa milioni moja na laki saba. Usishtuke. Chuma chake peke yake kinakula zaidi ya theluthi, kinaagizwa kupitia Dar na kinachukua miezi miwili kufika. Halafu visu vya leti, mashine ya kuchongea chuma, vinavunjika, maana chuma hicho ni kibishi. Halafu siku tano au sita za kazi kwa komeo moja. Na katika manne, moja nalitupa, nywele moja tu limezidi au limepungua. Kinachobaki tunagawana mimi na Abeid. Lakini hata hicho kinachobaki, Bibi, kwa shafti za mitumbwi ningekipata kwa miezi minne.

Sasa tuna oda ya makomeo manane, yote yatoke kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa mwezi wa saba. Yakiisha, naweka malipo ya kwanza ya leti yangu mwenyewe. Siyo ya kuazima zamu kwa mtu. Yangu. Mtoto azaliwe baba yake ana mashine.

Precious anakusalimia. Ndoo nanyanyua mimi.

Mjukuu wako,
Nkwabi


Sengerema, 16 Machi 2025

Mume wangu,

Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilihesabu, mara ya tatu nikakosa raha na mpaka sasa sijaipata.

Hujasema nani anaweka shavu.

Babu yako alikuwa anafua majembe, mashoka, na kwa kipindi kile cha wizi wa ng'ombe alifua magobole. Sitakuficha, kila nyumba ilitaka moja na kibali hakuna aliyekiulizia. Lakini gobole la Luhende halikutoka uani kwa mtu yeyote kabla Luhende mwenyewe hajalipakia, akalaza shavu lake kwenye kitako, akapiga. Mara ya kwanza ni ya mhunzi. Baba yake alimfundisha hivyo na baba wa baba yake. Mteja akisema ana haraka, anaambiwa kaa, kunywa togwa. Hata jembe, alikuwa analipiga kwenye jiwe mara saba mbele ya mwenye kulichukua. Watu walimcheka. Walisema jembe la Luhende unauziwa likiwa limeshazeeka.

Sasa wewe unachonga kitu kinachokaa kidole kimoja kutoka kwenye jicho la mtu, unakipeleka mjini, mtu wa mbali huko anakuja kukichukua. Nani anaweka shavu la kwanza? Wewe? Abeid? Au yule asiyejua kilichofanyika ndani?

Nijibu hilo tu. Ya leti utanieleza baadaye, nitacheza ngoma.

Mvua imeanza. Mzee Yakobo wa jirani anakusalimia, anauliza kama bado unaogopa bata.

Kija


Mkolani, 14 Aprili 2025

Bibi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nalala karakana siku nyingine. Nimemaliza makomeo sita. Moja limeshaenda, amelichukua mlinzi wa kambi ya uwindaji iliyo mbele ya Bariadi, anaitwa Jairo, mtu wa Mara. Alifurahi sana, alilifungua na kulifunga kama mtoto aliyepata filimbi.

Kuhusu shavu, Bibi, siku hizi mambo hayaendi hivyo. Kuna vipimo. Nina kifaa kinachopima unene wa unywele, babu hakuwa nacho. Kupiga mteja atapiga mwenyewe, ni bunduki yake. Risasi moja ya nyati inazidi bei ya kuku wako wawili, nani atazichezea.

Nakutumia kitenge, cha kijani ni chako, cha njano mpe Mama Mboni. Mwambie Mzee Yakobo bata nawala siku hizi.

Nkwabi


Sengerema, 20 Aprili 2025

Nkwabi,

Leo sikuiti mume wangu.

Mimi sikusoma lakini siku najua kuzihesabu, nimehesabu mimba sita na misimu ya mtama tangu hajazaliwa baba yako. Tarehe tisa Machi uliniandikia kwamba chuma kinatoka ng'ambo, miezi miwili. Ukasema siku tano au sita kwa komeo moja. Ukasema katika manne unatupa moja. Tarehe kumi na nne Aprili umemaliza sita. Kati hapo ni siku thelathini na sita. Hukutupa hata moja, na chuma cha ng'ambo kilikuwa bado majini.

Umekitoa wapi chuma?

Kitenge ni kizuri. Nimekikunja, nimekiweka. Nitakivaa ukinijibu.

Kija


Mkolani, 23 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira na nitaituma hivyo hivyo.

Ni ekseli ya lori. Tumenunua ekseli mbili chakavu kwa wauza vyuma. Abeid aliamua, nami nikakubali. Chuma cha ng'ambo kimepanda bei kabla hata hatujalipa, na kampuni imeshasema haiongezi shilingi. Ukichonga kwa chuma kile kwa bei ile unafanya kazi ya mwezi mzima kumnufaisha wakala wa Dar. Na mafundi wengine wa makomeo wanachonga kwa nondo, Bibi, nondo za nyumba. Ekseli inabeba tani thelathini kutoka Dar mpaka Mutukula. Siyo makaratasi.

Na babu? Babu alifua kwa nini? Si springi za malori yaliyokufa barabarani? Au aliagiza Ulaya? Wazee wenu walifanya kwa walichokuwa nacho mkawaita mafundi. Sisi tukifanya mnatuhesabia siku.

Precious yuko mwezi wa saba. Chumba kimoja. Leti ninayofanyia kazi ni ya mtu, akiamka vibaya naambiwa nipumzike. Naomba usinifundishe kazi, Bibi. Nakuheshimu, lakini kazi hii hujawahi kuifanya.

Nkwabi


Sengerema, 27 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Hasira yako nimeila na ugali, haikunidhuru. Mtu akinikasirikia kwa barua ndefu najua bado ananipenda. Ukianza kuniandikia mistari miwili ndipo nitakuja na fimbo.

Ni kweli, springi za malori. Sibishi. Ndiyo maana lilikuwepo shavu. Chuma usichokijua kimetoka wapi, kimebeba nini, kimechoka kiasi gani, ukikiangalia kinang'aa sawa na kingine. Kifaa chako kinapima unene. Kinapima uchovu?

Sasa sikiliza. Jicho la Mzee Yakobo. Nyie wote mlikua mkiambiwa alichomwa na pembe ya ng'ombe. Hakuna ng'ombe. Mwaka themanini na nne viboko walikuwa wanatoka ziwani kula mpunga wake, akaagiza gobole kwa babu yako. Babu yako alikuwa na oda nyingi, watu wanagonga mlango, hakulipiga. Alimpa hivyo hivyo. Usiku ule ule Yakobo alilipiga kwa kiboko, chuma kikapasuka nyuma, kikamrudia. Alikuwa na miaka ishirini na saba, ana mke mwenye mimba ya miezi minane.

Babu yako alizima moto wa karakana wiki ile na hakuuwasha tena mpaka anakufa. Mlidhani ni moshi wa macho. Nimekwambia. Sasa fanya unavyoona.

Kija


Mkolani, 2 Mei 2025

Bibi, shikamoo.

Barua yako imekaa mfukoni siku nne.

Siamini. Siyo jicho, jicho naliamini. Siamini kuhusu babu. Huyu mtu alipiga jembe kwenye jiwe mara saba watu wakimcheka. Nilipokuwa mdogo alininolea kisu cha kumenyea miwa, akakitumia yeye siku mbili nikilia, ndipo akanipa. Mtu huyo anatoa gobole bila kulipiga kwa sababu watu wanagonga mlango?

Nimempigia simu Mzee Yakobo. Nikamuuliza, Babu Yakobo, ni kweli Luhende alikupa bunduki bila kuijaribu? Akasema, "Muulize bibi yako. Mimi niliahidi."

Uliahidiana naye nini? Unanitisha kwa hadithi ya nusu, na mimi niko hapa na makomeo saba mezani. Ijumaa ijayo, tarehe tisa, kampuni inakuja kuyachukua. Abeid ameshapokea nusu ya hela, na nusu ya hiyo nusu iko kwa mwenye leti. Ndiyo, nimeshalipa. Nilikuwa nakuficha nikushangaze.

Niambie lote au usiniambie kitu.

Nkwabi


Sengerema, 4 Mei 2025

Nkwabi,

Ni mimi.

Babu yako alikuwa amekwenda Geita kwenye msiba wa shangazi yake. Aliondoka akiacha gobole limetundikwa ukutani, limekamilika, bado kupigwa. Aliniambia, Kija, hilo lisiguswe mpaka nirudi. Siku tatu tu. Siku ya pili Yakobo akaja analia, mpunga umeliwa nusu. Akaja na mbuzi jike mwenye maziwa, ndiyo malipo yaliyobaki. Baba yako alikuwa na homa na hakuna cha kumpa nyumbani ila maji ya mtama. Nilimwangalia mbuzi, nikaangalia ukuta. Nikasema moyoni, Luhende hajawahi kutengeneza kibovu. Na kweli hajawahi, kwa sababu vibovu alikuwa anavikuta yeye kwa shavu lake. Hilo sikulifikiria. Nilifikiria maziwa.

Nililitoa ukutani kwa mikono yangu nikampa.

Babu yako aliporudi alikuta watu wamejaa uani, na ndugu wa Yakobo wana mapanga. Akauliza kimetokea nini. Kabla sijafungua mdomo akanitazama, akaona. Akasema, "Nilimpa mimi kabla sijaondoka. Nilikuwa na haraka." Yakobo alikuwa amelala ndani kwetu, kichwa kimefungwa, akasikia. Baadaye babu yako akaenda kumwomba asilikanushe, maana wangenichoma na nyumba. Yakobo akaahidi. Luhende alilipa ng'ombe wanne, akazima moto, akaitwa Mtoa Macho mpaka kaburini. Mimi nilivaa nguo nyeusi, nikasikiliza watu wakimsamehe mume wangu kwa kosa langu.

Hata juzi nilipokuandikia niliendelea kumsingizia. Mkono ulikwenda wenyewe, umezoea miaka arobaini na moja. Nisamehe, na usinijibu kwamba umenisamehe, nitajua unadanganya.

Kila mavuno napeleka debe la mtama kwa Yakobo. Hatujawahi kusema ni la nini.

Sasa kuhusu makomeo yako. Sikwambii ukaweke shavu lako. Ukiweka shavu lako kwenye kitu kile nitavuka ziwa hili kwa miguu nikuvunje mkono. Nakwambia hivi tu, kama wewe uliyekichonga unaogopa kuweka shavu, basi kipimo umeshakipata. Hakuna kingine cha kupima.

Kuna mtu ana mbuzi mlangoni kwako. Namwona kutoka hapa.

Bibi yako,
Kija


Mkolani, 10 Mei 2025, Jumamosi

Shikamoo Bibi.

Ni mimi Precious. Naandika haraka, Mboni anasubiri boti.

Bibi, ulimwandikia nini? Aliisoma barua yako Jumatano amesimama mlangoni, hakuingia ndani, akarudi kazini. Usiku hakula. Nikimuuliza ananiambia lala. Jana Ijumaa alitoka saa kumi na moja alfajiri na yale makomeo kwenye mfuko wa simenti. Saa nne wakaja watu wa kampuni na gari lao hapa nyumbani, wanamtafuta yeye na Abeid, karakana imefungwa. Walikuwa wakali. Mmoja alisema wataleta polisi.

Mpaka sasa hajarudi. Simu haipatikani. Jirani anasema aliwaona yeye na Abeid kwenye pikipiki wakielekea uwanja wa kulenga shabaha, na bunduki iko kwenye gunia. Alfajiri kabla hajatoka alinishika shavu, Bibi. Hivi, kwa kiganja. Hana kawaida hiyo. Nikacheka. Sasa sicheki.

Kama unajua kitu niambie. Nina miezi saba na wiki mbili, siwezi kukimbia.

Precious


Sengerema, 10 Mei 2025, jioni

Mke mwenzangu, mwanangu,

Mboni amerudi na boti ya mwisho na barua yako. Naandika kwa kurunzi.

Najua kitu, ila kwa karatasi nitakutisha zaidi. Nakuja. Kesho boti ya kwanza ya Kamanga. Mboni atanishika mkono, watu watadhani namkamata mwizi wa karanga.

Kunywa uji hata kama hautaki kushuka. Mlango usiufungie kwa ndani, mjamzito huwa hafiki mlangoni kwa wakati. Watu wa kampuni wakirudi waambie bibi yake anakuja, waongee na mimi. Nikikuta wamekupandishia sauti watajua mabega haya yalivuta nini.

Kama mume wetu akirudi kabla yangu, mtazame uso wake wote. Pande zote mbili. Kisha mpige kofi moja la kwangu, ila upande mzima.

Barua hii naitanguliza na wavuvi wa usiku, kesho jua likizama sijafika basi nimeanguka majini.

Kija


Mkolani, 19 Mei 2025

Bibi, shikamoo.

Uliondoka hapa Jumatatu iliyopita ukidhani nimekwambia yote. Nilishindwa kusema mbele ya Precious, na sikio lako lingenilazimisha nipige kelele. Na Alhamisi nilisafiri. Naandika yote sasa.

Ni kweli Ijumaa ile nilikwenda nikiwa na nia ya kuweka shavu. Nilimwambia Abeid, nusu yangu, nusu yako. Manne unapiga wewe, matatu napiga mimi, halafu tunayauza. Abeid amepiga bunduki tangu ana miaka kumi na mbili. Alilichukua la kwanza, akaliingiza, akainua bunduki mpaka begani. Akakaa hivyo. Nilihesabu mpaka kumi na tisa. Akaishusha, akasema, "Nkwabi, lete kamba."

Tukaifunga bunduki kwenye matairi, tukavuta kamba tukiwa nyuma ya ukuta wa mawe. La kwanza zima, la pili zima, la tatu. Nilianza kukulaumu. La nne lilitoa sauti nyingine. Bunduki tuliikuta hatua sita kutoka ilipokuwa, na kitako hakipo. Kipande cha komeo tulikikuta kimezama kwenye tairi upande wa nyuma, pale ambapo mtu huwa anaweka uso. Abeid alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe. Ndipo tukabaki huko, tukiogopa kurudi mjini, tukalala kwa ndugu yake mpaka Jumapili. Ya simu unajua, betri, na uoga.

Kampuni imerudishiwa hela, na makomeo sita yaliyobaki Abeid ameyakata vipande. Abeid ameuza pikipiki. Mimi ya leti imekwenda, mwenye nayo kanirudishia pungufu, kasema nimempotezea wateja. Leo naanza shafti za mitumbwi kwa zamu ya usiku.

Lakini nilichokuficha ni hiki. Tulikuwa na saba. La nane lilikuwa kwa Jairo.

Simu yake kule kambini inashika ukipanda juu ya tangi la maji, hakupatikana. Alhamisi nikapanda basi mpaka Bariadi, na kutoka pale nikadandia lori la kambi. Nimemkuta anakula. Bunduki iko ukutani. Nikamweleza. Akacheka. Akasema, "Fundi, hii imepiga mara kumi na moja. Nyati mmoja, risasi nyingine za kufukuza. Haijakohoa. Unataka kunirudisha kwenye lile bovu nife kwa nyati?" Nikamwambia nitamrudishia hela zake kidogo kidogo. Akasema hela atapeleka wapi porini. Nikamweleza la nne lilivyofanya. Akasema hilo ni la nne, langu ni la kwanza. Nikamweleza habari za Mzee Yakobo, Bibi, bila majina. Akasikitika sana, kisha akaendelea kula.

Mwanawe Okeyo naye ni mlinzi hapo hapo, kijana mrefu, alikuwa anaosha vyombo pembeni anatusikiliza. Nikasema, "Mzee Jairo, sawa. Sichukui. Ila ya kumi na mbili apige Okeyo. Sasa hivi, mimi nikiona. Akipiga naondoka."

Okeyo akafuta mikono, akaja, akaitoa ukutani. Tayari kabisa. Akainua.

Jairo akasema, "Weka chini." Okeyo akasema, baba, si umesema nzima? Jairo akasema tena weka chini, kwa Kijaluo, na sauti ile sijawahi kuisikia kwa mtu anayekula. Akaichukua, akachomoa komeo, akanipa bila kunitazama. Hakuniaga. Amebaki porini na bunduki isiyofunga, na mimi ndiye niliyemwacha hivyo. Nimemwahidi lingine la chuma halali nikikipata. Sijui lini.

Nililichunguza kwenye basi. Halina ufa. Nimelipima kwa kifaa, liko sawasawa. Sitajua kamwe kama nilimwokoa mtu au nilimvua mtu silaha yake bure. Nimeliweka kwenye rafu juu ya kitanda, pale nitakapoliona kila nikiamka. Liwe kumbukumbu yangu.

Mjukuu wako,
Nkwabi


Sengerema, 24 Mei 2025

Mume wangu mdogo,

Leo nimevaa kitenge cha kijani.

Nilivaa kwenda kwa Yakobo. Nilipofika nilisema nikiwa bado nimesimama, maana nikikaa nitaanza habari za mvua. Nikasema, Yakobo, nilikupa kitu ambacho hakikuwa changu kutoa, jicho lako nililila kwa maziwa ya mbuzi, na nikaacha mume wangu abebe. Naomba radhi. Nimeyasema kwa mdomo wangu mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akanitazama kwa lile moja. Akasema, "Kija, mtama wako una mchanga kila mwaka. Miaka arobaini natafuna mchanga nikingoja useme."

Halafu akalia, na mimi nikalia, wazee wawili wa hovyo. Kesho Jumapili baada ya ibada nitasimama niwaambie wote kwamba Luhende hakumtoa mtu jicho. Waliobaki wanaokumbuka ni wachache, lakini watoto wao wanalitumia lile jina. Yakobo amesema atasimama pembeni yangu ili nisikimbie.

Umeuliza ulimwokoa mtu au hapana. Luhende alipiga magobole mengi kwa shavu lake, yakatoka mazima, na hakuwahi kujua lipi lingemtoa nani jicho. Hakuna anayekuja kukushukuru kwa kisichotokea. Zoea. Na Jairo mtafutie chuma, hata kwa mwaka mzima. Nauza mbuzi wawili, hela anazo Mboni, amezifunga kwenye dagaa. Usinibishie, mbuzi ni wangu na safari hii najua nanunua nini.

Sasa hilo komeo la kwenye rafu. Kumbukumbu gani? Wewe ukiwa kazini Precious atahamisha kitu apanguse vumbi, fundi mwenzako ataingia kukusalimia, atalishika, atasema mbona zima hili, nikupe laki tatu. Na siku hiyo mtoto atakuwa na homa. Nakujua kwa sababu najijua. Ukutani hakiwekwi kitu kama hicho, wala rafuni, wala kwa wauza vyuma, kitatafuta mtu wa kukinunua.

Kumbukumbu ninayo mimi, inaishi nyumba ya pili na ina jicho moja. Inatosha ukoo mzima.

Ukisoma barua hii usikae. Nenda nalo kazini, likate vipande vinne mbele ya watu, uvitupe mbali mbali. Kisha chukua karatasi uniandikie kwamba umelikata. Mboni nimemwambia asirudi bila jibu, hata boti ikimwacha.

Bibi yako,
Kija